Mrija wa Ikwap kwenye Mwamba wa Tororo

Enzi za Mwingereza, kijiji cha Sikuda hakikuwa na mpagazi wa kumfikia Ikwap, na anayebisha aje, nimekaa hapa namngoja. Kichwa chake kilikuwa kigumu nje na ndani. Siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: unyapara, maana nyapara habebi mzigo, na shingo yake ilikuwa imechoka. Mzungu wa kupima ardhi alikuwa ametamka: atakayetangulia kufikisha sanduku kileleni mwa mwamba wa Tororo kabla jua halijazama, ndiye nyapara.

Aliyebaki kushindana naye ni Odoi, adui yake. Salamu walishaacha.

Adeke, mkewe Ikwap, alimfungia kibuyu cha maji, kamba na muhogo. Odoi akacheka.

"We Ikwap, unahamia Tororo? Mbona umeacha kitanda na bibi?"

"Funga mdomo, shingo ya kuku!"

Lakini yalimchoma. Akavitupa vyote chini. Odoi naye, asije akazidiwa wepesi, akatupa kibuyu chake. Ikwap alibaki na mrija wake mrefu wa ajon, ile pombe ya wimbi, ameufunga mgongoni. Mwanamume wa Kiteso aache mrija? Heri aache suruali.

Mtoni Malaba walikunywa wakitazamana kwa jicho baya. Baada ya hapo, jua tu. Karibu na kilele ndimi zilikauka kama ngozi ya ngoma. Ndani ya ufa mwembamba wa jiwe wakaona maji ya mvua, chini mkono usikofika. Ikwap akatua sanduku, akateremsha mrija, akavuta mpaka akacheua. Odoi akaanguka.

"Nipe mrija."

"Sema 'baba'."

"Sisemi."

"Basi kufa."

Akajitwika sanduku, akaondoka. Kisha akasimama. Odoi akifa hapa, watu wa ukoo wake watamjia Ikwap na mikuki. Tena kwa Wateso, watu wakishiriki mrija, ugomvi umelala. Odoi hatamchezea tena. Akarudi akitukana.

"Kunywa, mbwa wewe. Halafu tutapanda pamoja, mimi mbele."

Odoi akanywa, akajifuta mdomo, akanyakua sanduku lake na kupanda mbio kama mbuzi aliyeiba mahindi.

"Odoi! Tumeshiriki mrija!"

"Tumekunywa maji, bwana, si ajon!" sauti ikateremka kutoka juu. "Maji hayapatanishi mtu!"

Ikwap alipofika, akakuta nyapara mpya amekalia jiwe, miguu ameinyoosha.

"Wewe mpagazi," Odoi akasema, "weka sanduku pale. Taratibu."

Ikwap akaliweka. Taratibu. Akamtemea mate karibu na kidole cha mguu.