Senge Alipoanguka Kanisani

Juzi, hospitalini Kitale, binti yangu alinionyesha kovu chini ya mtulinga. Walikuwa wamempasua kwa haraka wakamwekea kifaa cha kuuamsha moyo unaposita. Nikamkumbuka senge, dada wa baba, kanisani kwetu Bungoma.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, sakafu ya udongo ilinukia maji na vumbi. Ngoma zikilia, senge alianguka, kama kawaida yake.

“Roho amemshukia!” Akina mama wakapiga vigelegele.

“Si mumwinue, bana, huyu ni mgonjwa,” baba alisema.

“Wewe, usimguse!” mzee wa kanisa alimkemea.

Mimi nilimwonea wivu, nikaomba nami nishukiwe. Tuliimba mpaka midomo yake ikawa rangi ya majivu. Hakuamka tena.

Namshukuru Mungu kwa binti yangu. Lakini bado ninaudhika: kati ya waombaji wote wale, hakuna aliyeweka sikio kifuani pake.