Mlango wa Nyuma wa Ofisi ya Kahawa

Jengo la mawe lililokuwa ofisi ya kahawa pale Tarime mjini lina mlango wa nyuma mwembamba, uliokaa upande. Mafundi wa siku hizi husema aliyeutoboa hakuwa fundi. Ni kweli kabisa. Alikuwa karani, tena alikuwa mume wangu, na kila nikiuona mlango ule namshukuru Mungu kwa kunipa yeye.

Miaka ya hamsini, jengo lilipokuwa jipya, lilikuwa na mlango wa mbele tu. Unaingia, unapita meza ya karani, ndipo ufike chumba cha nyuma walimokaa wanawake wakichambua kahawa. Mama yangu, mjane aliyekuwa akiwalea wadogo zangu, alikuwa mmoja wao. Kisha mume wangu akaajiriwa kukaa kwenye meza ile.

Kwetu Wakurya, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Asubuhi ya kwanza mama alifika mlangoni, akamwona, akajifunika uso kwa kanga na kurudi nyumbani. Ikabidi mmoja aache kazi, na mama akaamua awe yeye.

"Huyo ndiye anayekulisha," aliniambia.

Nililia kwa hasira, maana nilijua chungu chake hakina kitu.

Mume wangu, mtu wa maneno machache, alimwendea mwenye jengo, mfanyabiashara mgeni, akaomba atoboe mlango wa nyuma kwa mikono yake. Yule bwana alicheka, akamuuliza inakuwaje mwanamume mzima amwogope mama mtu mzima. Mume wangu akamjibu kuwa ile si hofu, ni heshima. Akakubaliwa, mradi asiguse saa za kazi.

Jumapili, baada ya ibada, alishika nyundo na tindo. Mawe ya kwetu hayana huruma. Viganja vilimchubuka hata kushika kalamu ikawa taabu. Nilimkanda kwa maji ya chumvi huku nikimtania kwamba ameoa ukoo mzima.

Mlango ulipokamilika mama akarudi kazini. Mchana nilipompelekea mume wangu chakula, tulimsikia mama nyuma ya ukuta akiongea na wenzake, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

"Aliyenifungulia hapa, Mungu amtunze. Sikumzaa, lakini ni mwanangu."

Mume wangu hakuweza kumjibu, mila haikuruhusu. Aliweka kalamu chini, akainamia meza, akalia mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu anioe.