Maji Yasiyofika kwa Dada

Miaka yote niliyofanya kazi ya maji, nyumba moja tu ndiyo iliyonitia aibu, nayo ni ya dada yangu. Ipo Nambis, juu kabisa ya kilima, palepale wazazi wetu walipojenga, na mabomba yote niliyopitisha upande ule yalipita chini yake. Maji yetu yalikuwa ya mserereko: unajenga chanzo mahali pa juu, unalaza bomba, maji yanashuka yenyewe mpaka kijijini. Kupanda hayapandi. Nilimweleza dada jambo hilo mara nyingi, nikimchorea kwa kijiti pale uwanjani, na kila mara alinijibu vilevile.

"Maji yako yananiogopa, mdogo wangu."

Tulicheka wote wawili, ila mimi nilicheka huku naona haya.

Niseme kwanza huyu dada ni nani kwangu. Mama alianza kuugua kifua nikiwa darasa la kwanza, na baba akaamua mmoja wetu abaki nyumbani. Alibaki yeye, kwa kuwa alikuwa mkubwa na alikuwa msichana, na hakuna aliyemuuliza. Asubuhi na mapema aliteremka chemchemini, akapanda na kibuyu kikubwa mgongoni, na kabla hajapumzika alinimiminia maji viganjani. "Nawa uso, utachelewa shule," alisema. Kila siku maneno hayohayo, hata siku za baridi kali ambazo ningependelea kuachwa na tongotongo zangu. Nilisoma nikiwa nimenawa maji aliyoyabeba yeye. Nikaenda sekondari, nikaenda chuo, nikawa mhandisi, nikapewa gari la serikali na dereva. Yeye aliendelea kuteremka chemchemini.

Kazi ile naishukuru. Nakumbuka Mogitu, mradi wangu wa kwanza, siku koki ilipofunguliwa ikakohoa upepo, ikatema tope, halafu maji yakatoka meupe. Nilijificha nyuma ya gari ili mafundi wasinione ninavyolia. Nakumbuka pia Getanuwas, ambako nilijenga kituo cha maji kwa vipimo vya kitabuni, koki ikiwa usawa wa kiuno. Mama mmoja wa wafugaji alisimama pale na punda wake, akaitazama kazi yangu kwa muda, kisha akaniuliza kama nimewahi kumpakia punda dumu lililojaa. Sikuwahi. Wao hufunga madumu matupu mgongoni mwa punda kwanza, ndipo wanayajaza. Ukijazia chini, ni wewe wa kuyanyanyua. Nilirudi na mafundi tukaipandisha koki, tukaifungia mpira wa kujazia madumu. Nikajiapiza kwamba sitajenga tena kitu bila kumuuliza atakayekitumia.

Nilipostaafu nilisafisha banda la ndama nikalifanya karakana. Nina jiliwa kubwa la kubania vyuma, tupa za kila aina, keekee, mashine ya kuchomelea na mashine ndogo ya kukereza vyuma niliyoinunua ikiwa kuukuu nikaifufua mwenyewe. Nimetengeneza mashine ya mkono ya kupukuchulia mahindi, bawaba za milango ya nusu ya kijiji, na benchi la bustani linalomuumiza kila anayelikalia. Mke wangu analiita banda lile mke mwenza. Nikichelewa chakula ananiuliza mke mwenzake amenipikia nini leo. Namshukuru kwamba anauliza akicheka.

Mwaka jana dada aliteleza kwenye njia ya chemchemi akiwa na dumu, akaumia nyonga. Alipona kiasi cha kutembea kwa fimbo ndani ya uwanja wake, basi. Majirani walimletea maji kwa zamu, lakini binti zake wawili walioolewa Katesh waliona haiwezekani kuendelea hivyo. Wakasema watakuja na gari wamchukue kabla mvua hazijaharibu barabara. Chumba kilikuwa tayari, kitanda kimeshanunuliwa. Sikuwalaumu, maana ni watoto wema. Dada hakuwabishia. Aliyoyaficha aliniambia mimi, siku nilipokwenda kumsalimia.

"Nikienda huko nitakuwa mgeni mpaka nife. Ng'ombe wangu nitamwacha na nani? Na makaburi ya wazazi?"

"Tatizo lenyewe ni maji tu, dada?"

"Ni maji tu. Mengine yote naweza."

Niliteremka kilima nikiwaza. Nimepeleka maji kwa watu nisiowajua hata kwa sura, na huyu aliyeninawisha anahamishwa kwake kwa kukosa ndoo mbili kwa siku.

Ipo pampu moja ya zamani ambayo tulifundishwa chuoni na sikuwahi kuijenga. Haitaki umeme, mafuta wala jua. Unateremsha maji ya chemchemi kwa bomba la chuma, valvu inajifunga ghafla, na ule mshtuko unasukuma maji kidogo juu ya kilima. Mengi yanamwagika na kurudi kijitoni. Inagonga hivyo mchana kutwa, tak, tak, tak. Juu yake unaweka mtungi wenye upepo ndani, wa kupokea mshtuko ili bomba lisipasuke. Mchoro wake ulikuwa bado kwenye daftari langu la chuo. Mtungi niliupata Mbulu mjini kwa mzee mmoja anayeuza vyuma chakavu: chombo cha kuzimia moto, kitupu. "Mhandisi, unategemea kuungua?" aliniuliza. Valvu nilizikereza mwenyewe, na ngozi ya kuzibia nilikata kwenye kiatu changu cha kazi. Mke wangu alinisaidia kuibeba mpaka chemchemini, akasema leo amembeba mke mwenzake mgongoni.

Ilifanya kazi mara ya kwanza tu nilipoifungua. Nilisikiliza mapigo yake huku moyo wangu nao ukipiga. Halafu nikaona kitu kilichonikera: chini ya mtungi, kwenye tundu dogo nililolitoboa kwa kufuata mchoro, kila pigo lilikuwa linatema matone. Maisha yangu yote nimepigana na maji yanayovuja. Nimewafokea mafundi kwa uvujaji mdogo kuliko huo. Nikachukua skrubu, nikaizungushia utepe wa bomba, nikaliziba tundu, nikajisifu.

Kesho yake mlio ulikuwa umebadilika. Uligonga kwa uzito, na maji yaliyokuwa yamefika katikati ya mteremko hayakusogea. Saa sita mchana kiungo cha bomba kikapasuka. Nilikibadilisha, nikakaza kila nati, pampu ikaanza vizuri, na baada ya siku moja ikapasua tena. Mara ya tatu valvu yenyewe ilipasuka, na wingu la mvua lilikuwa limeshafunika Mlima Hanang. Binti zake walinipigia simu kwamba wanakuja Jumamosi.

Nikapanda kumwambia nimeshindwa. Dada alikuwa ameketi mlangoni, kibuyu cha maziwa mapajani, anakitikisa apate siagi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka?"

Nilimweleza. Nilitumia maneno mengi ya kitaalamu, nadhani ili nisilie. Alinisikiliza bila kuacha kutikisa.

"Mimi mashine yako naisikia nikiwa hapahapa," alisema. "Siku ya kwanza inalia vizuri. Siku ya pili inalia kama kibuyu nilichojaza mpaka mdomoni. Ukikijaza hivyo, maziwa hayana pa kugongea, unatikisa bure. Huo mtungi wako ndani una nini?"

"Una upepo, dada."

"Sasa upepo ukiisha, mwingine unaingilia wapi?"

Maji yanayopita chini ya mtungi huuchukua ule upepo kidogo kidogo mpaka mtungi ukajaa maji matupu. Tundu lile lilikuwa pua yake. Kila pigo lilitema matone, halafu likavuta hewa, na mimi, mhandisi mzima, nililiziba kwa sababu lilikuwa linavuja. Dada alikuwa ameisikiliza ile pampu tangu siku ya kwanza na sikuwa nimemuuliza hata neno moja. Yule mama wa Getanuwas nilikuwa nimeshamsahau.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ulikuwa unapita hapa mbiombio na spana. Nikasema mwache, amesoma."

Hakusema kwa uchungu, ila neno hilo lilinichoma. Nilishuka karakana, nikakereza valvu nyingine, nikarudi chemchemini Ijumaa, nikaichomoa ile skrubu. Nimeiweka dirishani karakana mpaka leo, niione kila ninapoingia.

Jumamosi binti zake walikuta mama yao amefunga nguo zake kwenye shuka, amevaa viatu, amekaa kwenye kigoda karibu na mdomo wa bomba jeusi niliouning'iniza kwenye nguzo ya uwanja. Pampu ilikuwa ikigonga tangu jana yake bila kubadili sauti. Dereva alizima gari. Bomba likakohoa, likapuliza vumbi, likanyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko miaka yangu ya utumishi. Kisha maji yakatoka, membamba, hayazidi unene wa kidole, lakini hayakukatika.

Mmoja wa binti zake alianza kulia. Mwingine alibeba ile shuka ya nguo akairudisha ndani bila kuambiwa.

Dada alijaza kikombe. Nilidhani atakunywa. Akashika fimbo yake, akasimama, akanijia pale nilipoegemea nguzo, mikono imejaa grisi, mvi kichwani.

"Lete viganja," alisema. Nikavikinga. Akanimiminia.

"Nawa uso, utachelewa shule."

Nikanawa.