Mpira Uliokosa Kupimwa

Wewe cheka tu, nimeshazoea. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, hapo Ruiru, wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya muratina.

Nilikuwa mtunza nyasi katika klabu ya wazungu. Kila mwaka klabu hiyo iliandaa mashindano ya wanaume ya kubingirisha mipira ya mbao. Kajipira keupe kanatangulizwa mbele, kisha kila mtu anabingirisha mipira yake mizito, na anayekakaribia zaidi ndiye mshindi. Watu wazima, nguo nyeupe tupu, wanaubembeleza mpira kama mtoto. Mimi niliuona mchezo wa ajabu, lakini ulinilisha.

Mwaka mmoja, mzee fulani mwenye shamba la kahawa alianguka akafa katika fainali, mpira wake wa mwisho ukiwa bado unabingirika. Ulisimama kando ya ule wa mpinzani wake, na kwa jicho tu hungejua upi uko karibu zaidi. Katika vurugu ile wakaiokota mipira bila kupima. Kwa huruma wakampa ushindi, wakaweka kombe juu ya jeneza lake. Hata mimi niliona wamefanya heshima.

Asubuhi ya mashindano ya mwaka uliofuata, nilitoka na ufito wangu wa mwanzi kupangusa umande. Nilikuwa nimeonywa: mtu akichafua nyasi zile, nafutwa kazi na kurudishwa rizavu, kule tulikotengewa Waafrika. Ukungu ulikuwa umelala. Nikaona mtu mwenye nguo nyeupe katikati ya uwanja, nikamkimbilia nimtoe kabla hajaniponza.

Niamini, nilisimama ghafla. Mbele yake palikuwa na kajipira keupe na mipira miwili mizito kando yake, kama siku ile ya fainali. Mipira ilikuwa imechora mistari kwenye umande, imepinda vizuri ajabu, lakini miguu yake haikuwa imeacha alama yoyote. Alikuwa yule mzee.

"Wewe pima," akaniambia kwa Kiswahili chao kile. "Mimi nataka kweli."

Ungefanya nini? Ukimbie? Nikatoa kamba ya katani mfukoni, nikainama, nikapima. Jibu nililiona mara moja, na nilitamani kulificha. Nani amwambie mzungu ameshindwa, tena mfu, tena miaka ile?

"Umeshindwa, Bwana," nikasema. "Kwa unene wa kidole."

Akafumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kisha akanivulia kofia. Mimi! Akanipa mkono, nikaushika, na nilipouachilia palikuwa na ukungu tu na ile mistari kwenye nyasi.

Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi nilistaajabu, na hata leo nikisimulia machozi hunilenga. Kiganja hiki cha kulia hakijapata joto tangu siku hiyo. Hata nikiwa Ngoliba jua likichoma mawe, ni baridi na kina unyevu. Kishike uone.

Basi ukifiwa, mlilie mtu wako, mzike vizuri, lakini usimpe ushindi ambao hakuupata ukidhani unamfanyia hisani. Atarudi kuuliza, na huenda atakayemkuta akakosa moyo wa kumjibu.