Mishale Mitano ya Papa

Hadi leo, nikisikia harufu ya mawese yaliyopakwa kwenye chuma, kiganja changu kinaniwasha. Wajukuu wangu hucheka. Ninyi msinicheke, niwaeleze.

Kwetu Walikale, enzi za Wabelgiji, baba yangu alikuwa na mishale ya aina mbili. Ya chuma, ya kuulia nguruwe pori, niliisafisha mimi. Nilisugua damu kwa majivu na majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka, kisha nikapaka mawese. Nilikuwa hodari na nilijivuna sana. Ya mti mtupu, ya kuulia kima, ilikaa ndani ya podo la ngozi juu ya moshi. Niliambiwa nisiiguse, basi. Kwa nini, hakuna aliyesema.

Siku moja nikaishusha. Ilikuwa mitano, ncha nyeusi tititi. Nikaona ni uchafu. Minne niliisugua mpaka ikawa myeupe. Wa tano, wenye ufa mkiani, nilichoka, nikaurudisha hivyohivyo.

Kesho yake baba alirudi mikono mitupu. Kima wawili walikuwa wamekimbia na mishale yake mgongoni.

“Nani alishika mishale yangu?”

“Ni miye, Papa. Nilisafisha.”

Nilingojea fimbo. Hakunipiga.

“Lete kale kanyama kako. Kashike muzuri. Tuone kama unajua kusafisha.”

Kadogo alikuwa mtoto wa kima niliyemlea kwa ndizi nilizomtafunia. Alilala ndani ya nguo yangu.

“Papa Furaha, hurumia mutoto,” mama alimwambia baba, akimwita kwa jina langu.

“Na leo tutakula nini?”

Akamchoma pajani kwa mshale wa kwanza wa ile mitatu iliyobaki. Kadogo alipiga kelele, akanikumbatia shingo. Tukangoja. Akaishi. Wa pili, akaishi tena, na Mungu anisamehe, nikaona fahari kwa kazi yangu.

Wa tatu ulikuwa na ufa mkiani.

Kadogo alikufa vidole vyake vikiwa vimeshika gauni langu. Jioni tulimla, maana hapakuwa na nyama nyingine.

Nilipokuwa mkubwa nilielewa kwamba weusi ule wa nchani ulikuwa sumu, nayo inaonekana kwa macho. Baba alijua ni mshale upi uliobaki nayo, ndiyo maana aliuweka mwisho. Nilimchukia kwa hilo mpaka tukamzika. Lakini ule ufa na mimi niliuona. Ningesema, “Papa, huo sikuusafisha,” pengine angeacha. Niliona haya kuitwa mvivu, nikanyamaza, nikaendelea kumshika Kadogo vizuri.