Borghild Hataki Kubebwa

Ukisikia vyuma vikikwaruza lami asubuhi katika bonde letu, mwezi wa saba, usijisumbue kuchungulia dirishani. Ni Borghild Haugerud, na amekasirika. Anapanda barabara ya kiwanda cha mbao juu ya skii za magurudumu, vile vibao virefu vya kutelezea theluji ambavyo kiangazi hufungwa magurudumu, kofia ngumu kichwani, fimbo mbili mkononi, huku akilitukana kila gari linalompita karibu. Wenye magari ni watu wa mjini waliokuja likizo, na hupiga honi wakidhani wanamsalimia.

"Kampigie mama yako honi!" huwajibu, ingawa madirisha yao yamefungwa na hawasikii kitu.

Si yeye peke yake. Theluji ikishayeyuka, watu wa huku hatujui tukae vipi. Wapo wanaokimbia kwenye kinamasi mpaka matope yawafike magotini, wapo wanaopanda mlima kwa kurukaruka na fimbo zao, na wapo wanaopasua kuni zisizohitajika na mtu, almradi mikono isilegee kabla ya majira ya baridi. Lakini wengi wao wanajiandaa kwa mashindano. Borghild alikuwa anajiandaa kwa jambo moja tu: Pasaka ijayo afike kwenye nyumba yao ya mlimani kwa miguu yake mwenyewe, asipakiwe kama gunia la viazi.

Nyumba hiyo haina barabara. Ilijengwa na baba mkwe wa Borghild, baba wa mumewe Halvard, na tangu wakati huo familia nzima hupanda kila Pasaka kwa skii, machungwa na chokoleti mkobani, kutwa nzima kuvuka uwanda wa juu. Halvard ndiye hutangulia kuchonga njia kwenye theluji mpya, na wengine hufuata nyuma yake. Kufika kwa kubebwa ni kwa watoto wachanga na wagonjwa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini jaribu kuivunja uone utakavyotazamwa.

Basi Pasaka iliyopita Borghild alianguka. Goti likateguka, na watu wa uokoaji wakamfunga kwa mikanda kwenye sleji, kitanda cha kuburutwa juu ya theluji, wakamvuta kwa pikipiki ya theluji mchana kweupe, mbele ya bonde zima lililokuwa limeegemea kuta za nyumba zao za mlimani likiota jua na kumenya machungwa. Watu wakampungia mkono. Yeye aliyekwenda shule kwa skii tangu ana miaka saba, yeye aliyeendesha basi la shule mpaka nywele zikawa nyeupe na hakuna mtoto wa hapa asiyewahi kufokewa naye, nami nikiwemo, alipita mbele yao chali, blanketi mpaka kidevuni. Goti lilipona kabla ya nyasi kuota. Ile aibu haikupona.

Na wakaja kuitonesha. Jumapili moja mwanzoni mwa kiangazi, mwanawe Steinar alikuja kula chakula cha mchana. Alisubiri mpaka kahawa ikamiminwa, ndipo akajikohoza.

"Mama, nimeshaongea na jirani yetu Gaute. Pasaka ijayo atapandisha mizigo kwa pikipiki yake ya theluji. Kuna nafasi ya mtu nyuma."

"Mtu gani?"

"Si unajua, mama. Lile goti lako."

"Goti langu limefanya nini? Limekuja kwako kulalamika?"

"Mama, tafadhali. Tunakujali tu."

"Nijali ukiwa mbali! Halvard, unamsikia mwanao? Anataka nipelekwe pamoja na mitungi ya gesi!"

Halvard alikuwa anapaka siagi kipande cha mkate kilichokwisha kupakwa. "Labda ni busara," alisema, macho kwenye sahani. "Mwaka huo mmoja tu."

Borghild aliondoka mezani. Dakika chache baadaye wakasikia mlango wa stoo ukibamizwa, kisha yale magurudumu barabarani. Hivyo ndivyo kiangazi chake kilivyoanza.

Habari katika bonde letu hazihitaji gari. Wiki ile ile, Oddny wa dukani alimwona Borghild akiingia, akapaza sauti watu wote wasikie. "Nasikia mwakani unapandishwa kama malkia! Usitusahau sisi watembea kwa miguu!" Wateja wakacheka. Borghild aliacha maziwa yake kwenye kaunta, akatoka mikono mitupu. Jioni ile alipanda barabara ya kiwanda mara mbili, na mara ya pili alitapika mtaroni. Akajifuta mdomo kwa mkono wa fulana, akaendelea.

Alijipangia kazi kama mtu anayelipa kisasi. Asubuhi skii za magurudumu. Mchana fimbo na mlima. Siku za mvua alikwenda kinamasini, kwa sababu mguu unaojifunza kuchomoka matopeni hautishwi na theluji laini. Alianguka, akachubuka viwiko, akainuka akitukana. Kufikia mwisho wa mwezi wa saba goti lilikuwa imara kuliko lile lisiloumia, na vijana wa klabu ya skii walikuwa wanampisha barabarani bila kuambiwa. Nyumbani hakusemezana na mumewe ila kwa mambo ya lazima, kama chumvi na takataka. Halvard alizidi kujichimbia kwenye karakana yake. Alisema anatengeneza dirisha, na lile dirisha halikwisha.

Mwezi wa nane matunda ya kinamasi yakaiva, yale ya rangi ya dhahabu ambayo kila familia ina mahali pake pa siri pa kuyachuma. Mtu anaweza kukupa figo yake lakini asikuonyeshe mahali hapo. Borghild aliingia karakanani na ndoo mbili.

"Twende."

"Nenda wewe. Mimi nina kazi."

"Miaka yote tunakwenda wawili. Dirisha lako litakusubiri. Au unaogopa bibi kizee mwenye goti bovu atakuacha nyuma?"

Alikuwa amepania kumwacha nyuma kweli. Alitaka amwone mgongo wake ukipotea mlimani, kisha arudi akamwambie Steinar nani apakiwe na nani asipakiwe. Akatangulia kwa kasi, fimbo zinachoma ardhi. Kwenye kona ya kwanza tu akageuka ili amkoge.

Halvard alikuwa ameketi juu ya jiwe. Uso wake ulikuwa wa kijivu, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika shati kifuani. Borghild alishuka mbio, akapiga magoti kando yake.

"Una nini? Halvard! Nimpigie simu daktari?"

"Ngoja. Itapita. Hupita." Akahema kitambo, rangi ikaanza kumrudia. "Daktari anajua. Ni moyo. Amenipa vidonge, akaniambia nitembee kidogo kila siku."

"Tangu lini?"

Halvard akaanza kukung'uta suruali.

"Nimekuuliza tangu lini!"

"Tangu kabla ya Pasaka."

Borghild alisimama. Akilini akauona tena ule mteremko wa Pasaka, na yeye mwenyewe akigeuza shingo mara kwa mara kutazama nyuma, kwa sababu mumewe, aliyezoea kutangulia siku zote, siku ile alikuwa amebaki nyuma akisema anarekebisha kamba za kiatu.

"Nilianguka kwa sababu nilikuwa nakutafuta wewe," alisema polepole. "Na ile pikipiki. Ile pikipiki si yangu."

"Borghild..."

"Ni yako! Umeniacha nichekwe dukani kiangazi kizima, unapaka mkate siagi, na kumbe nafasi ile ni yako!"

"Mimi ndiye ninayechonga njia," Halvard alisema. Alikuwa analia. "Maisha yangu yote ni mimi. Ningewaambiaje?"

Walirudi na ndoo tupu, polepole, mkono wa Halvard begani kwa Borghild, naye akaenda moja kwa moja kwenye simu. Steinar alipokea. Hata hakukana.

"Baba angekufa kwa aibu, mama. Unamjua. Wewe ukipakiwa, naye angepakiwa safari ya pili kama msindikizaji wako tu. Wewe je? Wewe ungekasirika tu. Tulijua utaweza."

"Mlijua nitaweza."

"Wewe una nguvu kutuzidi sote."

"Kwa hiyo mwenye nguvu ndiye wa kupakwa matope? Hiyo ndiyo zawadi yake?" Sauti yake ilikatika, jambo ambalo Steinar hakuwahi kulisikia. "Nilitapika mtaroni kwa ajili yenu, nyie washenzi. Mlinifanya niamini mwili wangu umekwisha."

Akakata simu. Usiku alilala chumba cha wageni, na asubuhi akamwekea Halvard koti lake mezani.

"Leo utaingia dukani kwa Oddny. Utamwambia mwenyewe pikipiki ni ya nani. Mbele ya watu, kama mimi nilivyochekwa mbele ya watu."

"Sawa," Halvard alisema. Hakujitetea, na hilo nalo lilimkera.

Borghild alibaki garini. Joto lilikuwa kali na mlango wa duka ulikuwa umeachwa wazi, kwa hiyo aliona na kusikia yote. Alimwona mumewe akivua kofia mbele ya kaunta. Alisikia maneno machache ya chini. Alisubiri kicheko. Alikuwa na haki ya kicheko hicho, alikisubiri kama mtu anayesubiri mshahara wake.

Hakuna aliyecheka. Oddny alizunguka kaunta, akamshika Halvard kiwiko. "Jamani! Moyo! Haya kaa hapa, babu," alisema kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama anaongea na kiziwi. "Kaa po-le-po-le. Bibi yuko wapi? Nani anakuangalia?" Mteja mmoja akamnyang'anya kikapu chenye mkate na jibini. Mwingine akainamisha kichwa pembeni na kumtazama kama maiti inayopita. Halvard, mtu aliyewachongea njia wote hao tangu wakiwa watoto, alikaa pale alipoambiwa akae, kofia mapajani.

Borghild alifungua mlango wa gari kwa nguvu hadi ukagonga nguzo.

"Oddny! Huyo ana ugonjwa wa moyo, si wa masikio! Ongea naye kama mtu!" Akaingia, akakipokonya kile kikapu, akakirudisha mikononi mwa mumewe. "Na wewe unatazama nini? Hujawahi kuona mwanamume anayenunua jibini? Halvard, simama ulipe."

Halvard akasimama, akalipa. Oddny alirudisha chenji bila kufungua mdomo, na tangu nimfahamu sijawahi kusikia mwingine aliyemnyamazisha hivyo.

Walitoka. Kwenye gari Halvard alipakata kikapu na kutazama mbele.

"Umeridhika sasa?" aliuliza.

"Hapana. Bado nina hasira na wewe, na nitakuwa nazo mpaka Pasaka." Akawasha gari, halafu akalizima tena. "Kesho asubuhi utavaa viatu. Tutatembea mpaka kwa jirani zetu akina Kvåle na kurudi."

"Ni mbali, Borghild. Na nikishindwa?"

"Nitatembea nyuma yako," alisema, "nikikutukana mpaka ufike."