Picha ya Kumtafuta Mzee Lupakisyo

Lea Lupakisyo hakusomea uchoraji wala kitu chochote kinachofanana nao. Alimaliza kidato cha nne hapa hapa Kilosa, akapata mashine kuukuu ya kutoa kopi, akafungua steshenari kwenye baraza ninaloshonea nguo. Mimi ni fundi cherehani, watu wananiita Mama Evance, na kwa miaka sita tumegawana kivuli, umeme na umbea. Nayasema haya ili ijulikane kuwa niliyaona kwa macho yangu, na kwamba sehemu ya lawama ni yangu.

Watu walipoanza kununua simu za kupangusa, kazi ya kopi ikapungua. Kila mtu akataka picha ya kurusha kwenye makundi ya wasapu: mwaliko wa harusi, hongera ya mahafali, tanzia. Lea akapakua programu ya bure, akajifundisha mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na picha zilizokwisha pangwa. Alichofanya ni kutoa sura ya mzungu aliyewekwa humo, akaingiza ya mteja, kisha akabadili maneno. Alizoea tatu tu. Ya harusi ilikuwa na mioyo, ya mahafali ilikuwa na kofia ya joho, na ya tanzia ilikuwa na maua meupe, mshumaa na utepe mweusi kwenye kona. Akijaribu kuanza na ukurasa mtupu, maandishi yalipanda juu ya paji la uso wa mtu, naye alicheka akafuta. Kwa Kilosa hizo tatu zilitosha. Watu wetu wanaoa, wanahitimu, wanakufa.

Hiyo ya tanzia ndiyo iliyomfanya ajulikane. Kuanzia Msowero mpaka Kilangali, ukiyaona yale maua meupe huhitaji miwani. Unajua kuna mtu katutoka, unaandika pole, unauliza mazishi ni lini.

Baba yake Lea alikuja huku kutoka Tukuyu akiwa kijana, akafanya kazi ya reli hadi miaka ya tisini walipopunguzwa. Alilima mahindi, akazika mke, akazeeka. Kisha akaanza kusahau. Kwanza alisahau alipoweka jembe, baadaye akasahau kwamba mkewe amekufa, na Lea akawa anampasha habari hiyo upya, mpaka akaamua awe anamdanganya tu kuwa mama kaenda sokoni. Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka 2016, mzee alivaa koti lake la kijivu, akasema anaingia zamu, akatoka. Lea alikuwa anafagia uani. Kufika saa nne tulikuwa tumejua kwamba hayuko stesheni, hayuko shambani, wala hayuko kwa rafiki yake Nikolaus.

Nasema mapema kwamba hajapatikana mpaka leo, asije mtu akasoma kwa matumaini halafu anilaumu. Lea bado anafungua steshenari kila asubuhi. Anatoa kopi, anapiga chapa barua. Ukimletea picha ya kutengeneza anakurudishia.

Mchana wa siku ile polisi waliandika maelezo, wakatushauri tusambaze picha ya mzee. Lea akakaa kwenye kiti changu, akafungua ile programu. Mioyo haifai. Kofia ya joho haifai. Akabaki anaitazama ile ya tatu.

"Mama Evance, nitumie hii?"

Nilikuwa na sindano mdomoni. Nikaitoa, nikaangalia. Alikuwa ameshaweka picha ya baba yake, ile ya kitambulisho, na kwa kweli ilikaa vizuri.

"Ufunike mshumaa," nikamwambia. "Maua yaache. Yanampa mzee heshima."

Akaweka kibandiko cheupe juu ya mshumaa, akaandika namba yake ya simu humo. Juu akaandika kwamba baba amepotea na amevaa koti la kijivu. Herufi zilikuwa nyembamba za kujipinda, kwa sababu programu iliziweka hivyo naye hakujua pa kuzibadilishia. Akarusha kwenye makundi yote aliyokuwamo, na mimi nikarusha kwenye yangu.

Haikupita robo saa. Poleni sana wafiwa. Apumzike kwa amani. Bwana alitoa. Mikono ya kuomba ikajipanga chini ya picha, mmoja baada ya mwingine, hakuna hata mtu mmoja aliyesoma. Lea akaandika, "Jamani hajafa, amepotea, someni." Lakini picha ilishatoka bila maneno hayo, imefika Mikumi, imefika Morogoro, watu wanaipokea na kuisukuma mbele kwa huruma kabisa. Nilikasirika nikataka kuwatukana. Kisha nikakumbuka ni nani aliyesema maua yaachwe, nikaiweka simu chini.

Jioni wanawake wakaja. Anastazia, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, aliongoza kundi la watu kumi na wanne, khanga viunoni, mikeka kwapani, sufuria kubwa kichwani. Lea akawazuia mlangoni.

"Mama, baba hajafa. Amepotea tu."

Anastazia akamshika mikono. "Ndivyo tunavyosemaga siku ya kwanza, mwanangu. Hata mimi kwa marehemu mume wangu nilikataa. Tupishe tukae."

Nao wakaingia, wakatandika mikeka. Ilichukua saa nzima kuwaelewesha, na walipoelewa waliona aibu, wakabaki wamekaa vile vile kwa sababu kuondoka kungekuwa vibaya zaidi. Sijawahi kuona nyumba yenye watu wengi vile na isiyo na msaada wowote.

Usiniulize kwa nini hakutengeneza nyingine. Alitengeneza, ukurasa mtupu, maneno meusi, yamepinda. Haikwenda popote. Watu hawapendi kusambaza kitu kibaya, na ya kwanza ilikuwa nzuri. Simu ziliita kutwa nzima. Badala ya kusema wamemwona mzee, waliuliza anazikwa Kilosa au anasafirishwa Tukuyu. Lea alikonda. Kila simu alipokea kwa pumzi moja, akaikata kwa pumzi nyingine.

Siku ya tisa ikaita namba ngeni. Akaweka sauti ya nje ili nisikie.

"Shikamoo," Lea akasema.

"Marahaba. Samahani mwanangu, hii ni namba ya wafiwa? Mimi naitwa Mwanne, nauza chakula hapa Mikumi. Nina jambo linanisumbua tangu wiki iliyopita. Marehemu alikuwa na pacha?"

Tulipanda basi siku ile ile. Baadaye tuliipita njia yote ya kutoka Mikumi hadi kijiji cha Ulaya, kwenye barabara ya kurudi Kilosa, tukimsimamisha kila mwenye baiskeli, na hatukuona hata kifungo cha koti. Kuna pori refu pale, na hifadhi iko jirani. Lakini hilo ni la baadaye. Siku ile tulikaa kwenye benchi la Mwanne, naye akatueleza huku anafuta meza ambayo ilikuwa safi tayari.

"Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alisema kaletwa na lori. Nilimwamkia, nikampa chai. Ile picha nilikuwa nimeipata jana yake, basi nikamwangalia yeye, nikaangalia simu. Nikamwambia, mzee, umefanana na marehemu mmoja wa Kilosa, kidogo nikimbie. Akacheka. Akasema Kilosa ndiyo kwake, akaomba aone. Akaishika simu muda mrefu, dada yangu. Akasema, huyu namfahamu sana, jina tu ndiyo limenitoka. Akauliza wanazika lini. Nikasema sijui, labda leo. Akasimama pale pale. Nikamwambia asubiri gari la mchana, akasema atachelewa, mtu huyu hawezi kumkosa. Nikamfungia mihogo kwenye gazeti, nikamwonyesha barabara. Nikampa pole ya msiba."

"Akasemaje?" Lea akauliza.

"Alisema, tumeshapoa."